Kiongozi Kazini na Utatuzi wa Matatizo: Tutafute Chanzo Kabla ya Kutoa Amri



Mnamo Januari 2022, vituo vingi vya mafuta hapa Kampala vilikauka. Waendesha boda boda waliegesha pikipiki zao, nauli zikapanda, na katika baadhi ya miji lita moja ya petroli iliuzwa kwa bei iliyokaribia maradufu ya kawaida. Mwenye kutazama pampu tupu angeweza kudhani kwamba mwenye kituo ameficha mafuta. Lakini chanzo kikubwa cha uhaba ule kilikuwa zaidi ya kilomita 200 mashariki ya jiji. Huko Malaba na Busia, malori yalikuwa yamejipanga upande wa Kenya katika foleni ndefu, na miongoni mwake yalikuwamo yale yaletayo mafuta. Uganda ilikuwa imeagiza kila aingiaye kwa nchi kavu apimwe korona na kulipia dola 30. Madereva waliiona ada hiyo kuwa mzigo usiobebeka, wakagoma. Ndani ya mwezi huohuo masharti yalilegezwa, na malori yakaanza kusogea.

Hatuyakumbushi haya kwa nia ya kumlaumu mtu. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na nia ya kuwakinga wananchi ilikuwa njema. Tunayakumbusha kwa kuwa yanaonesha jambo ambalo kila kiongozi wa kazi hukutana nalo, awe msimamizi wa ghala, mwenyekiti wa stendi ya boda boda, mkuu wa soko, mwalimu mkuu au ofisa wa polisi: amri iliyotolewa kutibu tatizo moja yaweza kuzaa la pili, iwapo wale watakaoibeba hawakusikilizwa mapema.

Somo letu la toleo hili, basi, ni utatuzi wa matatizo kama ujuzi wa kiongozi. Tunasema ujuzi kwa makusudi, kwa sababu wengi hudhani kwamba kutatua matatizo ni kipaji anachozaliwa nacho mtu. Ujuzi hujifunzwa, hufanyiwa mazoezi, na huzidi makali kadiri unavyotumiwa.

TATIZO NA DALILI YAKE

Jambo la kwanza la kujifunza ni kutofautisha tatizo na dalili. Mtoto mwenye homa hupewa dawa ya kushusha joto, lakini tabibu mwema hupima damu ili ajue kama ni malaria. Joto ni dalili tu. Ugonjwa umo ndani.

Kazini hali ni hiyo hiyo. Mfanyakazi anayechelewa kila Jumatatu ni dalili. Foleni isiyokwisha mbele ya dirisha la karani ni dalili. Ugomvi unaozuka kila jioni kati ya wachukuzi wawili ni dalili. Kiongozi anayeadhibu dalili hupata utulivu wa siku tatu, kisha jambo lile lile humrudia, aghalabu likiwa limebadili sura. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza kwamba anayepaka chokaa juu ya ufa hajauziba.

Sisi katika polisi tumelijifunza jambo hili kwa njia ndefu. Kwa miaka mingi, kazi ya polisi katika nchi nyingi ilipimwa kwa idadi ya miito iliyoitikiwa na watu waliokamatwa. Mwaka 1979, msomi wa Marekani aitwaye Herman Goldstein alihoji kipimo hicho. Alisema kwamba askari anaporudi mara kumi kwenye nyumba ile ile kwa kosa lile lile, kuna tatizo moja ambalo halijashughulikiwa, wala si sahihi kulihesabu kama matukio kumi. Wazo hilo lilijaribiwa miaka ya 1980 katika mji wa Newport News, jimbo la Virginia. Palikuwa na majengo ya kupanga ambako wizi wa kuvunja nyumba haukuisha. Askari waliacha kufukuzana na wezi peke yake, wakaenda kuwauliza wapangaji. Ikadhihirika kwamba majengo yalikuwa yamechakaa, milango na madirisha hayafungiki, na nyumba tupu zimekuwa maficho. Walipozihusisha idara nyingine ili mazingira yale yarekebishwe, wizi ulipungua kwa takriban theluthi moja.

HATUA NNE

Kutokana na kazi ile ya Newport News ulipatikana utaratibu wa hatua nne ambao hadi leo hufundishwa kwa polisi wa nchi nyingi. Unafaa vilevile dukani, shuleni na karakana.

Hatua ya kwanza ni kubaini. Lieleze tatizo kwa sentensi moja isiyo na jina la mtu. Usiseme, "Mlinzi ni mwizi." Sema, "Kila mwisho wa mwezi magunia hupungua." Sentensi ya kwanza imekwisha kutoa hukumu, ya pili inafungua uchunguzi.

Hatua ya pili ni kuchambua. Uliza lini, wapi, mara ngapi, na nani huathirika. Kisha uliza kwa nini, na jibu likipatikana uliize tena kwa nini. Katika viwanda vya Toyota huko Japani, wafanyakazi walizoezwa kuuliza swali hilo mara tano mfululizo, hata wafike kwenye mzizi. Tano si idadi takatifu. Linalotakiwa ni kutokubali jibu la kwanza kwa sababu tu limekuja upesi.

Hatua ya tatu ni kuchukua hatua. Chagua suluhisho linalogusa chanzo, na kabla ya kulitangaza, waulize watakaolitekeleza kama linatekelezeka.

Hatua ya nne ni kutathmini. Panga tarehe ya kurudi na kupima. Suluhisho ambalo halikupimwa ni matumaini tu.

MFANO WA GHALA

Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini aliyewahi kufanya kazi ghalani ataufahamu.

Msimamizi wa ghala la sukari, mjini karibu na mpaka, aligundua kila alipohesabu mali mwishoni mwa mwezi kwamba magunia yamepungua. Alimfukuza mlinzi wa usiku. Mwezi wa pili magunia yalipungua tena, naye akamfukuza mlinzi wa pili. Mwezi wa tatu mambo yakawa yale yale, na mwenye mali akaanza kumtazama msimamizi mwenyewe kwa jicho la shaka.

Ndipo msimamizi alipoketi na karani pamoja na wachukuzi, akafungua daftari. Aliagiza hesabu ifanywe kila jioni kwa muda wa wiki mbili. Matokeo yalimshangaza. Upungufu ulionekana jioni nne tu, na zote zilikuwa siku za gulio. Usiku hakuna gunia lililopotea hata moja.

Aliuliza: kwa nini siku za gulio? Kwa sababu malori huja kwa pamoja. Kwa nini wingi wa malori ulete upungufu? Kwa sababu karani hutia sahihi hati ya kupokea kabla magunia hayajahesabiwa. Kwa nini anatia sahihi mapema? Kwa sababu madereva humharakisha, maana hulipwa kwa safari, na walio nyuma hupiga honi. Kwa nini hakuna aliyesema? Hapo wote walinyamaza. Mwishowe mchukuzi mmoja mzee akajibu: "Mzee, yule mlinzi wa kwanza alitaka kukwambia kwamba magunia hufika yakiwa pungufu. Alikuja ofisini asubuhi, na jioni ukamfukuza."

Tunawaomba wasomaji watulie juu ya jibu hilo, kwani ndilo moyo wa somo letu. Habari ambayo msimamizi aliitafuta kwa miezi mitatu ilikuwa imeletwa mlangoni pake tangu mwanzo. Alikuwa na wasaidizi wenye macho, lakini alikuwa amewafunza kwamba mwenye kusema huadhibiwa.

Suluhisho halikuwa la gharama kubwa. Siku za gulio aliongezwa karani wa pili; malori yalipewa namba kwa utaratibu wa kufika; na ikawa mwiko kutia sahihi kabla ya kuhesabu mbele ya dereva. Baada ya mwezi alipima, na hesabu ikalingana. Hata hivyo kazi yake haikuishia hapo. Alikuwa amewafukuza watu wawili kwa kosa ambalo halikuwa lao. Aliwatafuta, akawaomba radhi mbele ya wenzao, akawarejesha kazini wakapokezana zamu. Kiongozi anayerekebisha mfumo bila kurekebisha dhuluma aliyoitenda huacha jeraha litakaloziba midomo ya watu siku nyingine.

SOMO LA MPONDWE

Sasa tutoke ghalani tuje kwenye jambo lililotukia kweli, katika mpaka wetu wa magharibi, ambapo kosa la kupima lingeweza kugharimu maisha ya wengi.

Tarehe 1 Agosti 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Mlipuko huo ulienea hadi Ituri, ukadumu hadi Juni 2020, na kuua watu zaidi ya 2,200. Mpondwe, katika wilaya ya Kasese, ni kivuko chenye shughuli nyingi. Watu huenda sokoni, hospitalini, harusini na mazishini pande zote mbili, kwa kuwa ukoo mmoja umekaa nchi mbili.

Viongozi wa afya wa Uganda hawakungoja ugonjwa uvuke. Walijiuliza: ukija, utampata nani kwanza? Jibu lilikuwa mhudumu wa afya. Kwa hiyo, kabla ya mgonjwa hata mmoja kuonekana nchini, wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Vituo vya kupima joto viliwekwa mpakani, na mahali pa kutenga wagonjwa palitayarishwa.

Juni 2019 ugonjwa ulivuka. Familia moja iliyokuwa imekwenda Congo kumuuguza mzee wao, na kisha kumzika, ilirudi Uganda ikiwa na mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba walipita njia isiyo rasmi. Mtoto yule alifikishwa hospitali ya Kagando, ambako wahudumu walimtilia shaka na kumpeleka kwenye kituo cha matibabu cha Bwera. Tarehe 11 Juni ilithibitishwa kuwa ni Ebola. Mtoto alifariki, na bibi yake pia. Nchi hizi mbili zilikubaliana, na ndugu waliobaki wakarejeshwa Congo kwa matibabu. Hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo, mtoto mwingine wa miaka 9, aliyetoka Congo, aligunduliwa kwenye kituo cha upimaji hapo hapo Mpondwe. Naye kwa masikitiko alifariki, lakini ugonjwa haukuenea.

Tunajifunza nini? Kwanza, kiongozi mzuri hutatua tatizo kabla halijafika, kwa kuuliza litapitia wapi. Pili, hakutegemea kinga moja. Kivuko kilipokwepwa mwezi Juni, hospitali ililiona tatizo. Na mwezi Agosti, kivuko chenyewe kikaliona. Kizuizi kikivunjwa, kingine kiwepo nyuma yake.

La tatu ni gumu zaidi, nalo linatuhusu sisi askari na ninyi wakazi wa mpakani kwa pamoja. Kwa nini mtu mwenye mtoto mgonjwa akwepe mahali pa kupimwa? Hatuwezi kusema kwa niaba ya familia ile. Lakini wengi wenu mnalijua jibu la jumla: watu huogopa kutenganishwa na wagonjwa wao, huogopa kufa mbali na mikono ya ndugu, na huogopa kwamba hawatawazika wafu wao. Asiyeijua hofu hii ataongeza askari kwenye njia moja ya panya, na kesho itafunguka nyingine pembeni. Anayeijua atahakikisha kwamba mama anaelezwa atakapopelekwa mwanawe, kwa lugha anayoielewa, na mtu anayemwamini. Mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa dini na mwenyekiti wa stendi ya boda boda hapo huwa na uwezo ambao sare yetu haina.

KUONDOA SABABU YA KOSA

Kanuni hiyo hiyo huhusu biashara. Kwa miaka mingi lori lililovuka Busia lilisimama mara mbili: likikaguliwa kwanza na maofisa wa nchi linakotoka, kisha na wale wa nchi linakoingia. Kila kusimama kulikuwa na foleni yake, na kila foleni ilikuwa na vishawishi vyake. Kituo cha pamoja cha Mutukula kilizinduliwa Novemba 2017, na cha Busia tarehe 24 Februari 2018. Katika vituo hivi maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja, na msafiri husimama mara moja tu, upande anakoingia. Waliobuni utaratibu huu walitambua kwamba chanzo cha msongamano kilikuwa mpangilio wa kazi wenyewe, wala si uvivu wa mtu mmoja.

Vivyo hivyo, mfanyabiashara mdogo ambaye bidhaa zake zimezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na hazizidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, akavuka bila kutozwa ushuru wa forodha. Mama anayepita vichakani na kikapu cha nyanya kwa kuogopa ushuru usiomhusu ni dalili. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemweleza haki yake. Mwenyekiti wa soko anayelieleza jambo hilo katika mkutano mmoja huenda akapunguza makosa mengi kuliko doria ya usiku kucha.

MAKOSA MATATU YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni haraka. Yapo matatizo yasiyongoja, kama moto, ajali au mtu anayepigwa, na hapo amri ni wajibu. Lakini mengi ya matatizo ya kazi huvumilia siku mbili za kuuliza.

Kosa la pili ni kudhani kwamba cheo ni maarifa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 212, inataja miongoni mwa kazi za polisi kushirikiana na wananchi kwa ujumla. Walioiandika walijua kwamba ofisa aliyehamishiwa wilayani juzi hajui yanayojulikana na muuza chai wa kituo cha basi. Kiongozi asiyeuliza huongoza akiwa na macho mawili tu, ilhali angeweza kuwa na mia.

Kosa la tatu ni kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Msimamizi anayemficha mwenye mali hasara ndogo ya leo humwandalia hasara kubwa ya kesho. Ofisa anayefunika malalamiko dhidi ya askari wake hana tofauti naye.

ZOEZI LA MWEZI

Tunapendekeza kila kiongozi anayesoma makala hii anunue daftari dogo. Aandike tatizo moja tu la mahali pake pa kazi, lile linalojirudia. Chini yake aandike mambo manne: tatizo ni nini kwa sentensi moja, watu watatu walio karibu nalo wanasema nini, akiwemo mdogo kuliko wote, hatua gani imechukuliwa na tarehe yake, na siku gani atarudi kupima. Baada ya siku 30 asome tena alichoandika. Kama tatizo halikupungua, asitafute wa kumlaumu. Arudi kwenye hatua ya pili, kwani huenda chanzo alichokishika sicho.

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

1. Taja tatizo moja la kivuko chenu linalojirudia. Je, linaloonekana ni dalili au ni chanzo?
2. Katika mfano wa ghala, ungekuwa wewe ni mlinzi wa pili, ungethubutu kusema? Kiongozi angefanya nini ili uthubutu?
3. Ni kwa sababu gani watu wa kijiji chenu hutumia njia za panya? Ni sababu zipi zinaweza kuondolewa bila kumkamata mtu yeyote?
4. Ni lini mara ya mwisho ulipokwenda kituo cha polisi kutoa ushauri, badala ya kwenda kulalamika? Kama hujawahi, ni nini kilikuzuia?

Swali hili la mwisho ni letu zaidi kuliko lenu. Kama kuna mlinzi aliyewahi kuja kwetu asubuhi na habari njema, akaondoka jioni akiwa mshukiwa, basi kosa ni letu, na ni wajibu wetu kulirekebisha. Jadilianeni, mwandike majibu yenu, na myafikishe kwa ofisa uhusiano wa jamii katika kituo kilicho karibu nanyi. Tutayasoma tukiwa na daftari mkononi.